Kivuli cha Pili Kwenye Foto za Kalkuta

Drocella alikuwa na wivu. Tuseme mapema, tusizungukezunguke, maana kwenye kilima kile kizima hakuna aliyekuwa hajui. Kuna mwanamke anayemwonea wivu mke mwenza, kuna anayeonea wivu shamba la jirani. Huyu aliuonea wivu mkebe wa biskuti.

Mkebe ulikuwa wa mume wake, Séraphin, ambaye alirudi nao kutoka vitani mwaka 1946. Alikuwa ameondoka Masisi akiwa mbeba majeruhi wa jeshi la Kongo, wakavushwa bahari, wakapelekwa kwenye vita ya Burma, kisha akawekwa miezi mingi kwenye hospitali ya askari huko India, karibu na Kalkuta. Walikuwa wameondoka wawili, yeye na Evode, kaka yake Drocella. Alirudi mmoja. Hata kwake hakupita kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa baba mkwe, mzee Hakorimana, akavua kofia, akasema Evode alipigwa risasi akafa siku ileile, hakuteseka. Mzee alishukuru kwa hilo neno la mwisho. Mama mkwe, Nyiramana, alianguka chini akalia mpaka sauti ikakauka. Padri akasoma misa, na kwa kuwa hapakuwa na maiti wala kaburi, watu wakarudi kwenye maharagwe yao.

Haya. Askari wengine walirudi na blanketi, na viatu, na saa zisizotembea. Séraphin alirudi na mkebe umejaa foto. Na foto za nini? Ukisema za watu, umekosa. Za vibao! Kibao cha kinyozi, pamechorwa kichwa cha mtu, upande una nywele na upande umenyolewa kama yai. Kibao cha mng'oa meno, meno yamepangwa mstari na koleo katikati, ukilitazama taya lako mwenyewe linauma. Ukuta wenye simba mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri kuliko ya ajenti wa teritwari, yule Mzungu wa serikali. Nyuma ya kamyo, lori la mizigo, macho mawili makubwa ya kukutazama ukiwa njiani, na ndege mwenye mkia mrefu kuliko hiyo kamyo yenyewe. Na picha ya duka la peremende, mwanamke mwenye mikono mingi ameketi juu ya ua, ametulia.

"Kule India kila ukuta inasemaka," Séraphin aliwaambia watu. "Hata muntu asiyesoma anajua hapa wananyoa, hapa wanangoa meno. Haulizi muntu."

Kila Jumapili baada ya misa, watu walijaa uani kwake. Yeye alinawa mikono, akafungua mkebe, akaonyesha foto moja moja, na hakumpa mtu yeyote aishike. Aliishika mwenyewe kwa upande wa chini, vidole gumba viwili vimelala juu ya karatasi. Katekista Damascène alipomwona yule mwanamke wa mikono mingi alipiga ishara ya msalaba, akaamuru foto igeuzwe. Jumapili iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika, akakaa mbele.

Drocella yeye alikaa jikoni akimenya viazi kwa hasira, maganda yanatoka manene kama ngozi ya kiatu. Miaka yote mume wake alipokuwa vitani, alilima peke yake kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaufikiria mara mbili. Alimngoja, alimwombea, alikataa maneno ya wanaume waliosema soda yule, askari wake, amekwisha kufa. Sasa amerudi, na usiku anageukia ukutani, mchana anageukia mkebe. Akiulizwa habari za huko, anajibu kwa neno moja. Lakini fungua mkebe! Ulimi unalegea, macho yanang'aa.

"Mimi niko hapa na meno yote mazima," alimwambia jirani yake Libérata, "na yeye anaangalia meno ya Wahindi!"

Libérata alicheka. Libérata alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kuchochea baadaye, na mnamjua mtu wa namna hiyo, hata kwenu yupo.

Basi mwaka 1948, baada ya mavuno, Séraphin na mkewe waliteremka Walikale pamoja na watu wengine wa kilimani. Ndiyo ilikuwa desturi: watu wa juu wanateremsha maharagwe, watu wa msituni wanatoa mawese, kila mmoja anarudi kwake na kile asichokuwa nacho. Walipita Mpofi, matope mpaka magotini, Drocella na mzigo wake kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu vita mume wake alikuwa anatembea mbele yake akipiga mluzi. Roho yake ilitulia kidogo.

Walikale, Mhindi mmoja muuza vitambaa alikuwa amefungua duka jipya. Na juu ya mlango alikuwa amechorwa tembo! Tembo mnene mwenye shanga usoni, amebeba mzigo wa vitambaa mgongoni, anacheka. Séraphin alitua maharagwe katikati ya barabara, watu wakamruka. Kwenye mfuko wake wa bega alikuwa na kamera ya sanduku aliyotoka nayo Kalkuta, pamoja na filimu moja aliyoitunza miaka yote hiyo.

"Ngoja, mama, nikuonyeshe," alisema, na Drocella alikuwa hajasikia sauti ile laini tangu siku za uchumba. "Jua lazima ikae nyuma yako, kwenye mugongo. Ikikaa mbele, foto inakufa. Unasimama hivi. Kamera inakaa hapa kwenye tumbo. Unaangalia kutoka juu, haupumui."

Drocella akaja akasimama ubavuni pake, bega kwa bega. Furaha ilimjaa, si kwa ajili ya tembo. Jua lilikuwa nyuma yao, na vivuli vyao viwili vilianguka mbele kwenye vumbi, virefu, vimegusana. Séraphin aliinamisha macho akaviona. Akashusha kamera.

"Drocella, sogea," alisema.

"Nisogee wapi?"

"Sogea tu. Kivuli yako inaingia."

Akasogea. Kamera ikalia. Njiani kurudi Séraphin hakupiga mluzi tena, na Drocella alibeba mawese yake akijiambia kwamba labda ndivyo kazi ya foto ilivyo, fundi ana masharti yake.

Mhindi, ambaye alifurahi tembo wake amepigwa foto, aliipeleka filimu Bukavu kwa kamyo yake, na baada ya muda foto ilipanda mpaka kilimani mikononi mwa wabeba mawese. Séraphin alikuwa shambani. Drocella aliipokea, akafuta mikono kwenye kitambaa, akaitazama. Tembo yuko, shanga ziko, kicheko kiko. Na chini, kwenye vumbi, kivuli cha mtu mwenye kofia ya soda. Séraphin! Kumbe jua likikaa mgongoni, mpiga foto mwenyewe anaingia ndani.

Alicheka peke yake. Halafu kicheko kikakatika. Aliingia ndani, akashusha mkebe, akaufungua bila kunawa mikono.

Kinyozi. Chini yake, vivuli viwili.

Mng'oa meno. Viwili.

Simba, kamyo, mwanamke wa mikono mingi: viwili, viwili, viwili. Kimoja kilikuwa na kofia ya soda. Cha pili kilikuwa na nguo kichwani, inateremka mpaka mabegani, nguo ndefu ya kujitanda. Na kilikuwa kimemwegemea yule wa kofia. Hakuna foto hata moja ambayo kilisimama mbali.

Kwetu kule kilimani, mwanamume anavaa kofia au anatembea kichwa wazi. Anayejitanda nguo kichwa na mabega ni mwanamke. Drocella hakuhitaji katekista amfafanulie. Ndiyo maana kila Jumapili mume wake alizishika kwa chini! Vidole vile viwili vilikuwa vinamfunika mtu!

Akakaa juu ya kinu. Kilichomuuma zaidi si kwamba huko mbali palikuwa na mwanamke. Mwanamume kwenda vitani, Mungu anajua. Kilichomuuma ni lile neno, sogea. Mke wa misa, mke wa jembe, kivuli chake kinachafua foto. Cha yule mwingine, karibu, ingia, egemea!

Jioni, wakati wa kula, aliweka foto ya kinyozi mbele ya sahani ya mume wake, akagusa kwa kidole. "Huyu ni nani?"

Séraphin aliacha tonge hewani. Uso wake ulibadilika, Drocella akaona kwa macho yake. "Ni kivuli," alisema.

"Ninaona ni kivuli. Ya nani?"

"Ya muntu alikuwa anapita. Rudisha ndani."

"Anapita kila siku? Na anapita akikuegemea?"

"Drocella, rudisha ndani!" Hakuwa amewahi kumpigia kelele. Aliichukua ile foto, na hakumaliza chakula.

Kesho yake Libérata alisikia yote, akapiga makofi. "Dada! Wanawake ya India njo wanajitandaka vile! Shemeji wangu alikuwa Burma, aliwaona. Wazuri, nywele mpaka hapa. Wee, lisemwalo lipo." Asante, Libérata, umesaidia sana.

Tangu hapo, kila Séraphin akitoka, Drocella alishusha mkebe. Alimsoma yule mwanamke mpaka akamjua kuliko anavyomjua jirani. Alijua kichwa kinainama upande gani, mkono unashika wapi, kwenye foto gani nguo imeteleza begani. Alimchukia kwa utaratibu, bila kuruka foto hata moja. Na Séraphin, aliyejua mkebe unafunguliwa, alizidi kukawia shambani.

Asubuhi moja Drocella aliufunga mkebe katika kitambaa, akaubeba, akaenda kwa wazazi wake.

Kwetu mke akiondoka kwa hasira haulizwi njiani. Anafika kwao, anakaa, anasubiri. Mume ndiye anayepaswa kumfuata, na hafuati mikono mitupu: anakuja na kasiksi, pombe ya ndizi iliyoiva vizuri, na mzee wa kumsemea. Hapo mke anataja kosa mbele ya wote. Kosa likiwa la kweli, mume anatozwa na pombe inanywewa. Likiwa la kijinga, mke anarudi na aibu yake, na pombe inanywewa vilevile.

Nyiramana alimkuta binti yake jikoni, ameketi mbele ya moto na wembe wa kunyolea watoto mkononi. Alikuwa anakata foto. Aliacha juu, kinyozi na simba na meno yao, akakata chini, penye vivuli.

"Unafanya nini, mutoto wangu?"

"Ni mwanamuke wa Séraphin, mama. Wa kule India. Alimuficha humu."

Nyiramana hakuwa mtu wa maneno mengi tangu mwanawe alipokufa. Alitazama vile vipande vyeusi vilivyokunjamana chini, macho yake hayaoni vizuri kwa karibu. "Kama ni vile, choma," alisema. Akainama, akaupulizia binti yake moto.

Séraphin alikuja Jumamosi na vibuyu viwili vya kasiksi na baba yake mdogo, mzee Sebarenzi, msemaji wa ukoo, mtu ambaye angeweza kumwomba chui mshipi wa ngozi yake na akapewa. Waliketi uani. Sebarenzi alianza kwa mbali, kama inavyotakiwa: habari za mvua, habari za ng'ombe, kisha mtamba mmoja mzuri aliyevunja ua akapotea, na nyayo zake zimeonekana kuelekea huku.

"Mutamba yuko," mzee Hakorimana alijibu. "Lakini mutamba wetu iko na mdomo. Drocella, sema kosa."

Drocella alisimama. Alikuwa amejipangia maneno siku nyingi, lakini yalitoka yote kwa pamoja. "Séraphin iko na mwanamuke India! Iko naye ndani ya mkebe. Kila foto wanasimama pamoja, anamuegemea, bila haya! Na mimi, Walikale, mbele ya watu, aliniambia sogea, kivuli yangu isiingie! Mimi nilimungoja, papa. Wewe uliniona vile nilimungoja."

"Kivuli?" Sebarenzi aliuliza, akamtazama Hakorimana. "Tumepanda mulima hii yote na kasiksi juu ya kivuli?" Watu wakacheka. Hata mzee Hakorimana alificha mdomo.

Séraphin hakucheka. "Leta mkebe," alisema.

Drocella akauleta, akauweka miguuni pake kwa kishindo. Séraphin akafungua, akatoa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vidole vyake vilitafuta upande wa chini, kama vilivyozoea, vikakuta hakuna kitu.

"Chini yake iko wapi?"

"Nilikata."

"Vipande viko wapi, Drocella?"

"Nilichoma. Yote!"

Séraphin aliteleza kutoka kwenye kiti, akakaa mavumbini, mbele ya baba mkwe wake, akalia kwa sauti. Kicheko cha watu kikafa. Na Drocella, tuseme ukweli, kwa nukta moja alisikia raha. "Mumeona?" alisema. "Analia juu yake!"

"Haikuwa mwanamuke," Séraphin alisema.

"Sasa ilikuwa nani? Sema!"

"Ilikuwa Evode."

Mzee Hakorimana aliweka fimbo yake chini, polepole. "Evode wetu alikufa siku ileile," alisema. "Wewe njo uliniambia. Risasi."

"Nilikudanganya, papa. Hakuna risasi. Alishikwa na ugonjwa ya kifua. Alilala kwenye hospitali, mwezi baada ya mwezi, nami nikaomba niachwe pale nimuangalie. Uliniambia nimuchunge, papa, siku tunaondoka uliniambia. Nikashindwa. Ningekuja kusema nini? Kwamba alikauka kidogo kidogo? Nikasema risasi, ili musimuone vile mimi nilimuona."

"Na ile nguo kwenye kichwa?" Drocella aliuliza. Sauti yake mwenyewe aliisikia kutoka mbali.

"Blanketi ya hospitali. Alikuwa na baridi ya homa, hata kwenye jua. Siku akipata nguvu kidogo nilimutoa tutembee. Yeye njo alipenda vibao. Aliweza kusimama mbele ya kinyozi na kucheka mpaka akohoe. Alisema, 'Shemeji, mama hawezi amini hii, tumupelekee.' Tukanunua kamera. Nikamuambia asimame mbele, mama amuone na yeye. Akakataa. Alisema hapana, nimekonda, mama asinione mifupa. Acha nisimame pembeni yako, kivuli iingie. Kivuli haikondake." Séraphin alijifuta uso kwa kiganja. "Kila foto aliuliza, 'Nimeingia?' Zilikuwa za mama. Miaka hii yote nilitaka kuzileta, lakini ningezileta, mungeuliza juu ya blanketi. Nikakaa nazo. Na Walikale, Drocella, uliposimama pale, ulisimama kwenye nafasi yake. Sikuweza."

Ajabu ya moyo wa mtu: hata hapo wivu haukumtoka Drocella. Ulihama tu. Huyu mwanamume alikuwa na kaka yake miezi yote ile, alimshika, alicheka naye barabarani, akaja akamfungia ndani ya mkebe, hakumgawia mtu. Halafu akakumbuka wembe, na moto, na akaona mikono yake, akaificha nyuma.

Nyiramana aliinuka kutoka kwenye mkeka. Alimpita mume wake, akampita Séraphin aliyekuwa chini, akafika mbele ya binti yake, na wote walidhani atampiga. Hakumpiga. Alimshika mikono yote miwili, akaitoa kule nyuma.

"Wewe ulimuona," alisema. "Mimi nilipulizia moto, sikumuona. Niambie alisimama namna gani."

"Mama..."

"Sema. Ulimuangalia siku nyingi."

Drocella alitaka kusema hajui, lakini alijua. Alijua kila kitu; chuki ilikuwa imemfundisha bila kuacha hata kidole. "Kwenye ile ya kinyozi," alisema, "kichwa iliinama upande wa kushoto."

"Njo vile alikuwa anainamisha. Tangu mutoto."

"Kwenye ya simba alikuwa anainua mukono, kama anaonyesha kitu. Blanketi ilianguka hapa, bega ilionekana. Kwenye ya kamyo..." Alijishika mkono wake mwenyewe. "Kwenye ya kamyo alishika Séraphin hapa, juu ya kiwiko."

"Na kwenye zingine?"

"Alikuwa anaegemea, mama. Kwenye zote alikuwa anaegemea."

Nyiramana aliitikia kwa kichwa mara nyingi, taratibu. Kisha akamgeukia mkwe wake.

"Alikuwa muzito?"

"Hapana, mama," Séraphin alisema. "Siku za mwisho, kamera njo ilikuwa inanilemea."